Mtungi Uliochacha Ndani ya Kompyuta

Maziwa ya ngamia nimeyanusa sokoni Isiolo tangu ujana, na mtungi uliochacha haunipiti. Kusoma najua kidogo tu. Lakini kompyuta ya kikundi chetu cha akina mama wa maziwa inakaa kwangu, juu ya kabati la vyombo, na aliyeiweka ni mjukuu wangu wa kike. Naringa, ndiyo. Ndani yake kuna programu inayopokea ujumbe wa wafugaji: leo mitungi iko Leparua, kesho kwingine. Dereva wetu wa kuyakusanya anafuata huo. Ikizima asubuhi, maziwa yanachachia juani.

Mjukuu alikuwa anaondoka kesho yake kwenda kazi ya mbali. Alitaka kuniachia ukurasa wa kusimamia programu za namna hiyo. Yeye anaziita kontena, kwa sababu kila moja imefungwa peke yake na vitu vyake. Alinionyesha kurasa mbili, zote zinakaa kwenye mashine yetu wenyewe. Moja ilijaa rangi na vitufe kama shanga za bibi harusi. Ya pili ilikuwa kavu.

"Hii ya shanga," nikasema.

"Akko," akasema, ndivyo anavyoniita bibi kwa lugha yetu, "ijaribu kwanza. Nitakutengenezea kontena ya bandia."

"Mtu hajifunzi kukamua kwa ngamia wa udongo. Nipe ya kweli."

Akasita, akaizima ile yenyewe inayopokea ujumbe. Alama yake ikawa nyekundu. "Iamshe."

Mkono wangu haukuuliza. Mtungi ukichacha tunamwaga yote, tunausuuza, tunaufukiza upya. Nikabonyeza kitufe chenye picha ya pipa la taka. Ikaniuliza kitu kwa Kiingereza, nikabonyeza tena. Ikatoweka.

Mjukuu hakunitazama. "Akko, umeifuta."

"Si ilikuwa imechacha?"

Simu yangu ikalia. Dereva. "Mama, sioni kitu hapa. Niende wapi?"

"Ngoja," nikamwambia. Jua lilikuwa limeshapanda. Mjukuu alikuwa akiandika.

"Ujumbe sikuuweka ndani ya kontena," akasema hatimaye. "Niliuweka kando. Naunda nyingine, itausoma."

Tulingoja. Ikawa kijani. Dereva akasema, "Nimeona. Leparua."

Nikafuta jasho. "Nipe hiyo kavu."

"Yako itakuwa na kitufe cha kuamsha tu. Cha kufuta nimekificha."

Iliniuma. Mimi nafichwa kitu nyumbani kwangu. Lakini nikasema sawa.

Tangu aondoke imekuwa nyekundu mara mbili. Kila mara mkono wangu unatafuta pa kumwaga kwanza, haupati, ndipo unaiamsha.