Ndama Aliyenionyesha Shingo Yangu

Wakubwa zangu wa Kituntu, shikamooni. Wadogo, habari zenu. Mmeniita nije kuwaambia wafugaji wenzangu yaliyonipata. Nimekuja, na kilima chenu hiki nimekipanda kwa miguu bila kukaa chini hata mara moja. Kuna wakati nisingefika hata pale kwenye daraja la chini ya kilima.

Naitwa Adventina, natoka Nyabiyonza. Nilipoolewa na Projestus nilikuwa mwanamke wa nguvu. Kibanja chetu, shamba linaloizunguka nyumba, kina migomba na kahawa, na ng'ombe mmoja wa maziwa tunayemwita Bihogo kwa ajili ya rangi yake nyekundu. Majani ya ng'ombe nilikata mimi. Kukamua, mimi. Siku za kuchuma kahawa niliwaacha wanaume nyuma. Najisifu? Ndiyo, najisifu, maana ni kweli.

Ugonjwa haukuja kwa kishindo. Ulianza na baridi. Jua linawaka, watu wanatafuta kivuli, mimi nimekaa jikoni nimejifunga khanga mbili nikiota moto. Kisha uchovu. Nikipalilia mistari miwili, mikono inakufa ganzi. Asubuhi uso umevimba, kope nzito. Choo kikawa kigumu, nakaa siku nne sijaenda. Nywele zikawa zinabaki kwenye kitana. Sauti yangu ikakwaruza kama ya mzee mvuta kiko. Na hedhi, kina mama mtanielewa, ilikuwa inatoka kama bomba lililopasuka.

Kilichoniumiza zaidi ni mimba. Ya kwanza iliharibika, ya pili ikaharibika, ya tatu ikafika miezi mitano nayo ikatoka. Nilimzika yule mtoto nyuma ya nyumba, kwenye migomba. Projestus hakunilaumu, lakini watu wana midomo.

Wakati huo shingo nayo ilikuwa inajaa. Kwanza kitu laini kama yai chini ya koo. Baadaye kikawa kama ngumi, hata kumeza ndizi nikawa nakunywa maji ili ishuke. Mama mkwe wangu, Mama Sikolastika, alinitazama akacheka.

"Hilo rovu ni la ukoo wetu," akasema. "Mama yangu alikuwa nalo, mimi ninalo. Limeua nani?"

Nikaanza kujifunga kitambaa shingoni.

Basi Bihogo akazaa. Ndama akatoka akiwa hana nywele, ngozi tupu kama ya panya mchanga. Chini ya koo lake palikuwa na uvimbe. Alijaribu kusimama, miguu ikakataa. Tulimkamulia maziwa ya mama yake tukamtia mdomoni, hakuweza kumeza. Projestus akampigia simu bwana mifugo wa kata. Ni mwanamke, anaitwa Veneranda, lakini sisi tunamwita bwana mifugo hivyo hivyo. Alipofika ndama alikuwa ameshakata roho.

Veneranda akachuchumaa, akaishika ile shingo ya ndama, akaibonyeza. Kisha akainua macho akanitazama mimi. Nilikuwa nimeinama, kitambaa kimeteleza.

"Dada Adventina, hicho cha shingoni kwako kimeanza lini?"

"Umekuja kwa ajili ya ndama au yangu mimi?"

"Nimekuja kwa ajili ya ndama. Lakini naona wewe na yeye mmepungukiwa na kitu kimoja. Madini joto."

Nilikasirika. Kulinganishwa na ndama aliyekufa, mbele ya mume wangu! Nikamwambia maneno ambayo leo nayaonea haya. Yeye alimwagiza Projestus atafute lile jiwe la chumvi lenye madini ambalo ng'ombe hulamba, alifunge kwa kamba zizini. Mimi akaniambia, "Nenda hospitali. Usikae."

Nikakaa. Na si kukaa tu, nilifanya ujinga. Wifi yangu Leokadia alisema, "Kama jiwe lina hicho unachokosa, hospitali ya nini? Kwangua ulambe." Nikaona ni akili. Kila asubuhi nikawa naenda zizini na kisu, nakwangua jiwe la Bihogo, natia kwenye uji wangu. Jiwe lile lile analolamba ng'ombe kwa ulimi!

Wiki ya kwanza nikasema napona. Wiki ya pili tumbo likaniendesha mpaka nikawa sitoki chooni. Mdomo ukawa na ladha ya msumari. Moyo ukaanza kudunda kama mtu anayetwanga, mikono inatetemeka, jasho linanitoka mimi niliyekuwa naota moto. Siku moja nikaanguka pale pale zizini. Projestus na jirani wakaniweka katikati yao kwenye pikipiki, tukaenda hospitali.

Daktari alinipima shingo, akatoa damu, akauliza nakula nini. Nilipomwambia habari ya jiwe, akaweka kalamu chini.

"Mama, wewe una matumbo manne?"

"Hapana, daktari."

"Jiwe lile limepimwa kwa mwili wa ng'ombe. Mna shaba humo, mna vitu vingine ambavyo kwako ni sumu. Unaweza kufa ukitafuta uzima."

Nikaona aibu. Nikamwambia kwamba hata hivyo rovu ni la ukoo wa mama mkwe wangu. Akatabasamu.

"Wewe umezaliwa na mama mkwe wako?"

"Hapana."

"Sasa ukoo wake umekuingiaje?"

Ndipo akanieleza. Udongo wa milimani kwetu umeoshwa na mvua miaka na miaka. Madini joto yamekwenda na maji. Majani yanaota bila hayo, ng'ombe anakula majani, anayakosa, maziwa yake yanayakosa, na sisi tunaokunywa maziwa na kula ndizi za udongo ule ule tunayakosa. Yakikosekana, tezi ya shingoni huvimba, mwili hupoa na kuchoka, na hata mimba huharibika. Akauliza natumia chumvi gani. Nilikuwa napikia chumvi ya mawe ya kupima, isiyotiwa kitu.

"Mwachie Bihogo jiwe lake," akasema. "Yeye atachukua kinachomfaa, na sehemu ya madini joto atakupitishia kwenye maziwa. Lakini usitegemee maziwa peke yake. Nunua chumvi yenye madini joto, ifunike vizuri, uitie chakula kikikaribia kuiva."

Walinilaza mpaka moyo ukatulia. Damu yangu ilipopimwa tena, ikaonekana ile tezi bado ni dhaifu, nikapewa vidonge vya kuisaidia, nimeze kila asubuhi kabla ya kula.

Kupona nako hakukuwa na kishindo. Siku moja niligundua niko kibanjani na khanga moja tu. Siku nyingine nikaona kitana hakina nywele. Kitambaa cha shingoni nikakitupa. Uvimbe umepungua, haujaisha wote. Njoo uguse, sikufichi.

Bihogo akazaa tena. Ndama akatoka na manyoya yanayong'aa, akasimama kabla hatujamaliza kumfuta. Nilimkumbatia mpaka nikalowa. Nikamtafuta Veneranda nikamwomba radhi, nikampelekea mkungu wa ndizi na maziwa.

Halafu nikashika mimba. Safari hii nilikwenda kliniki mapema, vidonge vikaongezwa kwa kipimo cha daktari. Mwezi wa tano ulipofika sikulala vizuri. Ukapita. Mtoto alizaliwa wa kike, analia kwa sauti ya kuita kijiji. Tulimwita Kokusiima, maana kwa Kinyambo kusiima ni kushukuru. Sasa anakimbiza kuku, na kuongea kwake hakuna kituo.

Mama Sikolastika alimbeba, akamgusa shingo taratibu, pande zote mbili. Siku ile ile alimwaga chumvi yake ya mawe shimoni, na wiki iliyofuata alinifuata mwenyewe nimpeleke hospitali, na umri wake ule. Rovu lake limekomaa, haliwezi kurudi. Lakini duka la pale kwetu sasa lina chumvi ya pakiti, kwa sababu alisimama mlangoni akamwambia mwenye duka mbele ya wateja, "Usiponiletea yenye madini joto, sinunui hata kiberiti."

Namshukuru Mungu. Namshukuru Projestus, aliyenibeba. Namshukuru Veneranda, aliyethubutu kuniambia nisichotaka kusikia.

Ninyi wenzangu, mpeni ng'ombe jiwe lake, nanyi kuleni chumvi yenu. Msibadilishane. Mimba zikikutoka, usiwaachie majirani waeleze sababu, nenda upimwe. Na ukiona shingo inajaa, usiifunge kitambaa.

Kwetu kilimani nimeshawasindikiza wanawake tisa hospitali. Nawasindikiza kwa miguu, na mimi ndiye ninayetangulia.