Goreth na Deni la Majina Mawili

Barua ya mahakama ilimfikia Goreth siku ya Jumanne, mwezi wa tatu mwaka 2015, aliporudi kutoka kiwandani Jeffersontown, pembeni mwa mji wa Louisville, Amerika. Binti yake Muhoza, mwenye miaka kumi na mmoja, aliisoma taratibu akamtafsiria. Kampuni ya mikopo ilikuwa inawashtaki Yonasi na Goreth kwa deni la gari, dola elfu tisa na mia tatu. Walikuwa na siku ishirini za kujibu. Wasipojibu, robo ya mshahara wa mama ingeweza kukatwa kila siku ya malipo.

"Lakini sisi hatuna gari, mama," alisema Muhoza.

Ni kweli hawakuwa nalo. Goreth alikwenda kazini kwa lifti ya jirani. Gari la viti vinane lilikuwa mji wa Columbus, jimbo la jirani, na aliyeshika usukani wake ni Yonasi, baba wa watoto wake wawili, ambaye walitengana naye mwaka uliotangulia. Goreth alipokea dola mia saba na themanini kila wiki mbili. Kwa fedha hizo alilipa kodi ya nyumba yao mtaa wa Iroquois, umeme na chakula, na kila mwezi alipunguza deni la hospitali na salio la mkopo wa tiketi za ndege zilizowaleta Amerika. Robo ikiondoka, kodi isingepatikana, na watoto wangetolewa nje.

Yonasi hakuwa mlevi, wala hakuwahi kumpiga mke wake. Alikuwa mtu wa kuahidi. Aliahidi kulipa gari kama alivyoahidi kutuma fedha za viatu vya watoto, na kila ahadi ilimtuliza yeye mwenyewe kana kwamba ameshaitimiza.

Goreth naye alikosea, na kosa lake lisemwe wazi, kwa sababu wengi wetu tumelifanya. Alikulia kambini Mtabila, Tanzania, tangu akiwa mtoto wa Kirundi wa miaka mitano. Pale kambini, mume na mke wakiachana, huenda ofisini na kadi yao ya posho. Karani huigawa: huyu namba yake na unga wake, yule namba yake na unga wake. Kuanzia siku hiyo hakuna anayeulizwa habari za mwenzake. Goreth aliamini kwamba deni nalo hugawanywa hivyo.

Kwa hiyo walipotengana, waliitisha kikao cha wazee wa jumuiya ya Warundi wa Louisville. Mzee Zenoni, mwenyekiti, alisikiliza pande zote mbili, akaandika karatasi: Yonasi achukue gari pamoja na deni lake, Goreth achukue deni la tiketi na la hospitali. Wazee wanne walitia sahihi. Goreth aliipeleka karatasi ile dukani, akaifunika kwa plastiki ngumu, kama kadi ya posho, akalala usingizi mwema kwa mwaka mzima.

Kesho yake baada ya ile barua, aliomba ruhusa kazini akaenda na karatasi yake kwenye ofisi ya kampuni. Karani aliigeuza mbele na nyuma.

"Hawa ni akina nani?" aliuliza.

"Wazee wetu."

"Wanaonekana watu wazuri, mama. Lakini hawakukopa kwetu. Mliokopa ni ninyi wawili." Akamwonyesha mkataba, na chini yake sahihi mbili, ya Yonasi na ya kwake. Hakuna aliyemshika mkono siku ile. Alitia sahihi akicheka, kwa sababu gari lilikuwa na harufu ya gari jipya.

Jioni alimpigia simu dada yake mkubwa, Agata, anayeishi North Buffalo, jimbo jingine, akifanya kazi kwenye nyumba ya kutunzia wazee.

"Panda basi uje," alisema Agata. "Chumba cha watoto kipo. Badilisha namba ya simu, wakutafute hadi wachoke. Si wewe wa kwanza."

"Na jina je, dada? Nalo nilibadilishe?"

"Jina gani? Huku hata bosi wangu hajui kulitamka. Ananiita Agatha Christmas."

Walicheka wote wawili. Kisha Agata akasema kwa sauti ya chini kwamba ana dola mia nane za akiba, angeweza kumkopesha.

"Usinikopeshe," alisema Goreth. "Madeni matatu yananitosha. Na sikimbii, dada. Nilishakimbia vita. Sitakimbia sahihi yangu mwenyewe."

Wapo watakaosema huo ni ukaidi. Huo si ukaidi. Anayehama mji kukwepa deni huwafundisha watoto wake kwamba neno la mtu lina thamani hadi kwenye mpaka wa jimbo tu.

Alimpata mwanasheria wa msaada wa bure, mama mmoja mwenye maneno machache. Kwanza walijibu mashtaka kwa maandishi, siku ya tisa. Kisha yule mwanasheria akamweleza: kampuni ikilikamata gari, italiuza mnadani kwa bei ya kutupa, na pengo lote litabaki kwenu. Mkiliuza wenyewe kwa bei nzuri, pengo litakuwa dogo, na kampuni inaweza kukubali mlilipe kidogo kidogo bila kugusa mshahara. Kampuni ilimpa Goreth hadi mwisho wa mwezi wa nne. Lakini hati ya gari ilikuwa na majina mawili. Bila sahihi ya Yonasi, hakuna mauzo.

Yonasi hakushika simu. Jumamosi Goreth aliwaacha watoto kwa jirani, akapanda basi la alfajiri kwenda Columbus. Hakwenda nyumbani kwa Yonasi. Alikwenda kwenye uwanja wa maegesho ambako, kama alivyosikia kwa watu, Yonasi huwapakia wafanyakazi wenzake wa ghala kabla ya zamu ya saa tisa alasiri.

Gari lilikuwapo, na abiria sita ndani. Kwenye kiti cha mbele alikaa Nyirakamana, mama mnene mcheshi kutoka Masisi, Kongo.

"Ee, shemeji!" alisema Nyirakamana. "Umekuja kumrudisha bwana? Mchukue, lakini utuachie gari."

"Nimekuja kuchukua gari, bwana abaki," Goreth alijibu, na waliokuwa nyuma wakacheka.

Yonasi hakucheka. "Mama Muhoza, haya ni mambo ya nyumbani. Tuongee pembeni."

"Pembeni tumeongea mwaka mzima, nikiongea peke yangu na simu yako. Leo tutaongea hapa." Akawageukia abiria. "Samahani ndugu zangu. Naomba kujua mnamlipa kiasi gani."

 Ezéchias, kijana wa Bukavu aliyekaa nyuma ya dereva, alijibu kwa Kiswahili cha kwao: "Bon, shemeji, kila mutu analipaka dola makumi ine kwa wiki. Siye tuko sita."

"Mia mbili na arobaini kwa wiki," alisema Goreth. "Na gari linadaiwa mia tatu na kumi kwa mwezi. Kwa miezi saba halijalipwa hata senti. Mimi ndiye ninayeshtakiwa."

"Kuna petroli," alisema Yonasi.

"Petroli ya kwenda wapi, mbinguni?" aliuliza Nyirakamana.

"Donc, Yonasi, franga zetu unazipelekaka wapi?" aliuliza Ezéchias.

Yonasi alisema kuna kodi, kuna bima, kuna mama yake anayeumwa Makamba, Burundi. Mengine yalikuwa kweli. Goreth hakuyabishia. Alitoa hati kwenye mkoba, akaiweka juu ya usukani, akamweleza kwamba kuna ofisi ya mthibitishaji wa sahihi mtaa wa pili.

"Nikisaini, kazini nitaendaje?"

"Na sisi, shemeji?" aliongeza Nyirakamana, sasa bila mzaha. "Ukiliuza, tutakwenda kwa miguu?"

Hapo Goreth angeweza kudanganya, akapata watu wa kumuunga mkono. Hakudanganya. "Ndiyo, mtahangaika, na ninasikitika. Lakini kampuni italichukua hata nisipoliuza. Watakuja na gari la kukokota mkiwa ndani kazini, mtoke saa sita za usiku mkute nafasi tupu."

Yonasi aliisukuma hati akawasha gari. Zamu ilikuwa inakaribia. Goreth alirudi Louisville mikono mitupu, akalala njia nzima, na Jumatatu alikuwa kwenye mashine yake Jeffersontown kwa wakati.

Kilichofuata alikisikia kwa Ezéchias kwa simu. Abiria waliendelea kupanda, kwani kazi ni kazi, lakini Ijumaa walikataa kulipa. Kila mmoja alimkabidhi Nyirakamana dola arobaini zake. "Utazipata ukisaini," walimwambia Yonasi, "na tutatafuta gari lingine." Alinuna wiki nzima. Ijumaa ya pili alipokosa tena, alikuwa hana fedha ya kujaza tangi.

Tarehe kumi na nane ya mwezi wa nne, Yonasi aliingia Louisville akiendesha gari lile mwenyewe. Alitia sahihi bila kumtazama Goreth usoni. Mfanyabiashara wa magari alitoa dola elfu sita na mia nne, zote zikaenda kwa kampuni. Zilibaki elfu mbili na mia tisa. Kampuni iliondoa mashtaka kwa makubaliano ya dola mia na ishirini kila mwezi, na mkataba huo mpya nao ulikuwa na majina mawili, sitini kwa kila mmoja.

Siku ya malipo iliyofuata, mshahara wa Goreth ulikuja mzima. Aliongeza zamu za Jumamosi, akamaliza deni la hospitali mwezi wa nane. Alikwenda pia kwenye ofisi ya matunzo ya watoto, jambo ambalo wanawake wengi wa jumuiya hulionea aibu, ili fedha za watoto zikatwe moja kwa moja kwenye mshahara wa baba yao. Aibu haikuwa yake.

Yonasi alituma sitini zake miezi sita mfululizo, na kwa hilo anastahili kusifiwa. Mwezi wa kumi na moja hakutuma. Goreth alilipa mia na ishirini zote siku ileile iliyotakiwa, kisha akampigia simu.

"Baba Muhoza, nimelipa na yako. Ninakudai sitini."

"Nitatuma Ijumaa. Naahidi."

"Ahadi kaa nayo. Nitapiga tena Jumamosi asubuhi, na Jumapili baada ya ibada, mpaka ifike."

"Sawa, Mama Muhoza. Sawa."

"Haya. Watoto wako hapa, wanataka kukusalimia." Akampa Muhoza simu, akaenda kutazama maharage jikoni.