Majivu ya Afande Yona

Utotoni mwangu niliogopa paji la uso la mtu mmoja, jirani yetu Afande Yona. Nasema paji la uso kwa sababu macho yake hatukuwa tukiyaona. Aliyafunika kwa miwani myeusi, hata kanisani.

Tuliishi katika nyumba za askari polisi upande wa Ntinda, kando ya jiji, miaka ile ya utawala wa wanajeshi, mume akienda kazini na mke akibaki kusikiliza kila gari linalopunguza mwendo. Nililelewa na Jaja, mama yake mama yangu. Mwanawe, mjomba Ocen, alikuwa polisi. Muda mfupi kabla ya Kwaresima, watu wa gari lisilo na namba walikuja mchana wakamchukua, akiwa na fulana na kandambili. Siku iliyotangulia, Jaja alikuwa amemwona Afande Yona akizungumza na watu hao hao, akinyoosha kidole kuelekea mlango wetu. Angemwambia nani?

Na Afande Yona alikuwa mtu wa dini kwelikweli. Alifika misani kabla ya katekista, alipiga magoti kwenye saruji tupu, na kila Ijumaa ya Kwaresima ndiye aliyebeba msalaba katika Njia ya Msalaba. Watu walimpisha mlangoni, na hatukujua kama ni heshima au woga.

Asubuhi ya Jumatano ya Majivu, tukiwa bombani, Jaja aliwaambia wanawake jambo alilolelewa nalo kwao kaskazini. Alilisema taratibu, kama anayeeleza mapishi.

"Majivu ya padri hayakai kwa uso wa mtu mwenye damu ya mwenzake. Yataanguka kabla hajafika nyumbani."

Keziya, mke wa Afande Yona, alikuwa nyuma yetu na ndoo yake. Aliondoka ndoo haijajaa.

Alasiri tulipakwa majivu. Yangu yalifutika kwa jasho njiani, nikalia kwa hofu, Jaja akanituliza kwamba ya watoto ni mepesi. Afande Yona tulimwona akitoka haraka, leso usoni. Lakini kesho yake asubuhi alisimama mlangoni kwake na msalaba mweusi katikati ya paji la uso. Ijumaa ulikuwepo. Jumapili ulikuwepo, mweusi zaidi, na padri alipomfikia kwa komunyo nilimwona akisita. Watoto tukaacha kucheza upande ule. Jaja alikuwa amengoja majivu yaanguke, na sasa yalikuwa yamekataa kutoka.

Jioni moja ya wiki iliyofuata, Keziya alikuja akasimama kando ya jiko letu.

"Mama, nakuja kuuliza kitu."

"Uliza."

"Ile majivu ilianguka siku ile ile, pale kwa mlango ya kanisa. Mimi nilikuwa nimemwambia maneno yako ya bombani. Sasa kila asubuhi anachukua ingine kwa sigiri yangu ya makaa, anapaka mbele ya kioo. Usiku halali, anashikashika uso tu. Anauliza, afanye nini ndiyo ikae?"

Jaja alikuwa akichambua maharage. Mikono yake ikasimama. Nilidhani atamfukuza.

"Mwambie anawe uso," alisema mwishowe. "Halafu akuje hapa aniambie walipeleka Ocen wapi. Hata kama ni kaburi. Mimi sitamshtaki kwa mtu."

Alikuja Ijumaa, jua likiwa bado juu. Hakuwa na miwani, na kwa mara ya kwanza niliyaona macho yake, mekundu kama ya mgonjwa. Alikuwa amenawa. Pale palipokuwa na msalaba, ngozi ilikuwa imechubuka kwa kusuguliwa.

Jaja alisogeza kigoda. "Karibu, mtoto wangu."

Alikitazama kigoda kile bila kukaa.

"Mama," alisema, "Ocen..."

Hapo kengele ya kanisa ikalia, ya Njia ya Msalaba. Alishtuka kama mtu aliyeamshwa. Akageuza kichwa upande wa kanisa, nami nikauona uso wake ukilegea kwa nafuu, na nafuu ile ilinitisha kuliko majivu.

"Watu wananingoja," alisema. "Msalaba ni mimi nabeba."

Akaenda. Punde tukaisikia sauti yake ikiongoza sala, ya juu na safi, isiyokwama popote. Jaja alibaki ameshika mwimo wa mlango.

"Alikuwa karibu," alisema, na machozi ambayo hakuyatoa siku ya Ocen yakamtoka.

Ijumaa zote zilizobaki aliuacha mlango wazi saa ile. Afande Yona hakurudi. Kabla ya Pasaka lori liliwahamisha yeye na Keziya, na mjomba Ocen hatukumpata hadi leo.

Sasa nimempita umri Jaja wa siku zile. Siamini tena kwamba majivu yanajua kitu, maana huanguka kwa kila mtu, nami bado naenda kupakwa kila mwaka. Ninachokirudia moyoni ni kile kitambo cha mlangoni. Kuna kitu kilimvuta mtu yule mpaka kizingitini petu bila miwani, na nadhani alikuwa Mungu. Kisha akamkimbia Mungu huyo kwa kwenda kanisani.

Kengele ikilia nami nina jambo na mtu, naenda kwake kwanza. Nikichelewa misa, nachelewa.