Pikipiki Isiyo na Injini

Mume wangu ni muuguzi, mimi ni fundi wa friji. Siku niliyomwambia nataka kutengeneza pikipiki ya umeme, aliweka kijiko chini akauliza swali moja tu: "Na mimi nitakaa nyuma?" Nikajua nimepata mwenzangu.

Tulianzia Miono, kwa mkulima mmoja mzee aliyekuwa anauza pikipiki yake. Nilibeba boksi nililolikata kwa ukubwa wa betri nilizozitaka. Baada ya shikamoo na marahaba, na habari ndefu za mihogo, mzee alimshika mume wangu mkono akampeleka kwenye pikipiki, mimi nikifuata nyuma.

"Isikilize injini hii, mwanangu," akasema huku akiiwasha. "Haijafunguliwa hata mara moja!"

"Mzee, mnunuzi ni huyu mke wangu."

"Na injini naitoa," nikasema.

Mzee aliizima, akamtazama mume wangu kwa huruma kama anayempa pole ya msiba. Mimi nilikuwa nimeshapiga magoti. Fremu ilikuwa imenyooka, haina kutu, na nilipoliegemeza boksi kwenye ubavu wa injini, nafasi ilitosha na vidole viwili vikabaki. Nilipiga kigelegele peke yangu, kuku wakatawanyika.

"Basi niachieni injini," mzee akasema. "Nitaifunga kwenye mashine ya kusaga muhogo." Tukaifungua palepale, wote watatu, na mzee ndiye aliyekuwa na haraka zaidi.

Juma lililofuata tulikwenda Chalinze, kwenye duka la vifaa vya sola, kutafuta betri. Muuzaji alituonyesha kwanza betri nne za maji ya asidi. Mume wangu alijaribu kuinua moja, akairudisha chini taratibu.

"Nikichukua hizi," nikamwambia, "uzito wake ni wa abiria wawili. Wewe utabaki nyumbani."

"Dada," akamgeukia muuzaji, "hebu tuonyeshe nyepesi."

Alikuwa nazo mbili za lithiamu, zote zimetumika, zote kwa maneno yake ni kama mpya. Nikamwomba aniunganishie inveta na birika la umeme lililokuwa kaunta. Betri ya kwanza ilizimika kabla maji hayajapata moto. Ya pili ilichemsha birika zima. Tukajaza tena, ikachemsha. Mara ya tatu muuzaji mwenyewe aliagiza majani na sukari, madereva wa malori wakaja na vikombe vyao, na kila birika likianza kutokota walishangilia kama wanaona goli. Birika la tano lilipochemka nikasema inatosha, naichukua hii kabla hawajaimaliza.

Kufunga mota, betri na nyaya kulinichukua majuma matatu uani kwetu Bagamoyo. Jumapili moja asubuhi nikakaa, mume wangu akapanda nyuma, nikazungusha mkono wa mafuta ambao sasa haukuwa na mafuta. Hakuna mlio. Kisha nyumba yetu ikaanza kurudi nyuma.

"Tunakwenda!" akapiga kelele sikioni mwangu. "Mke wangu, tunakwenda!"

Shida ilikuwa moja: hakuna aliyetusikia tukija. Mwanamke mwenye ndoo ya samaki alikaribia kutuingia mbele. Nilipotafuta honi, nikakumbuka sijaifunga. Ndipo mume wangu, mtu mzima anayeheshimiwa wodini, alipoanza kunguruma kwa mdomo, prrrrr, na kwenye kila kona akabadilisha gia. Nilicheka mpaka machozi yakanizuia kuona barabara, ikabidi nisimame.

Tulifika Mapinga, kwa wifi yangu. Alikuwa anafua, ametupa mgongo. Tulisimama hatua tatu kutoka kwake bila yeye kujua, hadi kaka yake alipomnong'oneza, "Hodi." Beseni likapinduka.

Alipomaliza kututukana aliizunguka pikipiki mara mbili, akajifuta povu mikononi, akafunga kanga vizuri kiunoni.

"Shuka, wifi," akasema. "Nionyeshe breki tu. Mengine nitajua mbele ya safari."