Mama Alipousikiliza Ukuta

Harufu ya udongo uliolowa ni nzuri ukiwa nje. Mvua ya kwanza ikinyesha Bukavu baada ya kiangazi, watu hutoka mlangoni kuivuta puani, na wapo wajawazito wanaoitamani hadi wakamega kibonge cha udongo wakakitafuna. Lakini harufu hiyohiyo ikikukuta chumbani, karibu na mto unaolalia, ni habari nyingine. Juzi nilipita kwenye nyumba inayojengwa jirani na kwangu, mafundi wakipiga lipu, na harufu ile ikanirudisha moja kwa moja kwenye chumba cha wasichana katika nyumba yetu ya Kadutu, nikiwa na miaka tisa, nimelala kifudifudi nikiuangalia ukuta.

Ukuta wenyewe ulikuwa wa nyuma, ule ulioegemea mlima. Kadutu nyumba zimepandana kwenye mteremko: kila moja inatazama mabati ya mwenzake wa chini, na kila moja imeingiza mgongo wake ndani ya udongo. Chini ya dirisha letu, kimo cha goti, palitokea doa la maji lisilozidi sahani. Mdogo wangu Zawadi alisema ni mbuzi. Mimi niliona ni ziwa letu likiwa na visiwa vyake. Baada ya siku tatu mbuzi akaota pembe, tukafurahi sana, na Zawadi akamlamba ili ajue ana ladha gani. Alisema ana chumvi. Leo Zawadi ni mama wa watoto wawili na hapendi kabisa nimkumbushe habari hiyo, kwa hiyo msimwambie kwamba nimewasimulia.

Wakubwa hawakufurahi. Papa, baba yetu, alipoliona doa lile aliketi kwenye kitanda chetu akaupima mlima kwa macho kupitia dirishani. Msimu wa mvua uliotangulia, jiko la jirani wa barabara ya juu lilikuwa limeondoka asubuhi moja, likateremka na masufuria yake yote, na wenyewe wakaenda kuyaokota kwa watu wa chini. Sisi huiita erozyo, na mtu wa Bukavu akilitamka neno hilo hupunguza sauti. Maji yakijitokeza kwenye ukuta wa nyuma, hakuna aliyehitaji kuelezwa. Mlima umelegea, na nyumba itaufuata.

Papa akamwita kaka yake, Papa Mukubwa Byamungu, mwashi, ambaye ndiye aliyetujengea nyumba ile kwa mikono yake kabla sijazaliwa. Alikuja na kofia yake ya sufu, akaubonyeza ukuta kwa kidole gumba, na kidole kikazama hadi mwisho wa kucha.

"Mulima haiko muchezo," alisema. "Mutoke kabla nyumba itoke na nyinyi."

Ikapangwa hivi: tutahamia kijiji cha Miti, mbali nje ya mji, kwenye shamba la ukoo, na Jumamosi ya juma la pili Papa Mukubwa ataleta kamioneti kubeba vyombo. Mimi nililia kwa sababu ya shule na marafiki. Mama hakulia, lakini yeye ndiye aliyekuwa anapoteza zaidi yetu sote.

Inafaa niwaeleze mama yangu alikuwa nani. Alikuwa mzalishaji, yaani mkunga, katika maternite ndogo iliyokuwa kona tatu chini ya nyumba yetu. Watoto hawaji kwa saa za ofisi, na mara nyingi nilimwona akiacha ugali mezani, akajifunga kitenge vizuri na kuteremka mbio. Watu wachache walilijua jina lake. Aliitwa Maman Accoucheuse, Mama Mkunga kwa Kifaransa, basi, na kwenda naye sokoni kulichukua nusu ya siku, maana kila mtoto aliyempokea duniani ilibidi asimamishwe, apimwe kwa macho na kusifiwa kwamba amekua. Sasa mtu anayeishi Miti atafikaje maternite ya Kadutu kabla mtoto hajafika mwenyewe? Kuhama kulikuwa ndio mwisho wa kazi yake.

"Nitaacha bale bamama kwa nani?" alimwuliza Papa.

Siku ile aliporudi kutoka zamu yake, aliweka mkoba chini, akanawa mikono kwa sabuni mpaka kwenye viwiko, ndipo akaingia chumbani kumwona mgonjwa. Nasema mgonjwa kwa sababu ndivyo alivyoutendea ukuta ule. Alituuliza mimi na Zawadi: "Ilianza siku gani? Inaongezeka asubuhi ao mangaribi? Nani aliigusa?" Kwa swali hilo la mwisho Zawadi alijificha nyuma yangu. Kisha mama akachukua kipande cha kaa jikoni, akachora mstari kuzunguka doa lote, pembe za mbuzi pamoja, na kando yake akaandika siku. Kesho yake akapima kwa vidole, jinsi alivyopima matumbo ya wajawazito, akachora tena.

Habari ikaenea. Maman Riziki, jirani yetu wa pembeni, mwenye jogoo mmoja na maneno mengi, alichungulia dirishani akamwita mama kwa jina langu na kuuliza, "Maman Nsimire, ile ukuta iko na mimba ya miezi ngapi?"

"Munane," mama alijibu bila kugeuka. "Na haina bwana."

Maji ya bomba wakati ule yalikuja kwetu kwa zamu, asubuhi za Jumatatu, Jumatano na Ijumaa. Siku nyingine tulitegemea madumu. Jumanne ilinyesha mvua kubwa hata tukapikia sebuleni, na doa halikusogea hata unywele. Jumatano jua liliwaka, bomba likatoa maji, na jioni doa likawa limeuvuka mstari wa kaa kwa vidole viwili. Alhamisi mvua tena, na ukuta kimya. Ijumaa maji ya bomba, na vidole viwili vingine. Mama alisimama mbele ya michoro yake, mikono kiunoni, akamwita Papa.

"Haiko mulima," alisema. "Iko tiyo."

Tiyo ni bomba. Letu lilitoka barabara ya juu, likapita chini ya sakafu ya chumba chetu, mguuni kabisa pa ukuta, kisha likateremka kunywesha nyumba tatu za chini. Waliosema kikulacho ki nguoni mwako hawakukosea, ila chetu kilikuwa chini ya kitanda. Kulifunga lilikuwa jambo lisilowezekana, kwa kuwa ufunguo wake wa barabarani ulikuwa umeshikwa na kutu miaka mingi, na hata ungekubali kuzunguka, nyumba tatu zingekosa maji.

Papa Mukubwa akarudi, akasikiliza, akakuna shingo. Aliukubali ushahidi wa kaa, lakini alikuwa mwashi na aliijua hatari yake. Kutoka mlangoni hadi kwenye kitanda chetu, kando ya ukuta ule, zilikuwa hatua tano za mtu mzima, na pote hapo chini palikuwa pamelowa. Maji yana tabia ya uongo, huvuja huku yakajionyesha kule.

"Nitachimba tundu moja," alisema. "Moja tu. Nikichimba mbili kwa muguu ya ukuta, ukuta itatuangukia. Kama tiyo haikutoboka pale, Jumamosi gari inakuya."

Jumatatu asubuhi mama alirudi kutoka maternite na kile kipembe chake. Kama hamjawahi kukiona, ni kitu cha mbao, kifupi kuliko mkono wa mtoto, kilichopanuka upande mmoja. Upande mpana huwekwa juu ya tumbo la mama mjamzito, upande mwingine sikioni, na mzalishaji husikia moyo wa mtoto ukidunda mle ndani. Papa Mukubwa alipokiona alicheka hadi akakohoa. Aliuliza kama sasa anataka kuzalisha ukuta.

"Kama iko na kitu ndani, itaniambia," mama alijibu.

Lakini Kadutu si mahali pa kusikia kitu. Kuna redio, kuna pikipiki, kuna watoto, kuna cherehani ya mshona nguo wa barabara ya chini, kuna jogoo wa Maman Riziki asiyejua saa. Basi mama akatoka mwenyewe, nyumba kwa nyumba, akaomba dakika kumi za kunyamaza na robine zote za maji zifungwe. Angekuwa mtu mwingine wangemcheka. Ila hapakuwa na ua hata mmoja pale ambao hakuwa amekata kitovu cha mtu wake. Redio zikazimwa moja baada ya nyingine. Cherehani ikasimama. Maman Riziki mwenyewe, na maneno yake yote, alimfunika jogoo wake kwa beseni na kulikalia. Sijawahi tena kuusikia mtaa ule ukiwa kimya vile, na nawaambieni, ilitisha kidogo.

Ndipo mimi nikashikwa na kwikwi. Nilijaza shuka mdomoni na kuomba kwa Bikira Maria kwa moyo wangu wote.

Mama alipiga magoti mlangoni, akaweka kipembe sakafuni, akalaza sikio juu yake na kufumba macho. Mkono mmoja aliuinua hewani ili mtu asithubutu kupumua. Akasogea kiganja kimoja, akasikiliza. Kiganja kingine, akasikiliza. Mahali fulani karibu na mlango alikaa muda mrefu, kisha akaendelea. Alipofika karibu na mguu wa kitanda chetu alikaa tena. Alirudi mlangoni. Akaja tena kitandani. Jasho lilikuwa limemtoka juu ya mdomo. Mwishowe aliinuka, akajipangusa magoti na kusema, kwa sauti ileile aliyotumia kuwaambia wanawake kwamba mtoto yuko salama:

"Hapa."

Akachora msalaba wa kaa karibu na mguu wa kitanda.

"Uko na hakika?" Papa Mukubwa aliuliza.

"Papa Mukubwa, chimba."

Saruji ilipasuka kwa nyundo ya nne au ya tano. Chini yake udongo ulikuwa na unyevu tu, si zaidi ya ule wa shambani asubuhi, na nilimwona Papa akigeuza uso kuelekea dirishani. Papa Mukubwa akachimba hadi mkono wake ukazama kufikia kiwiko. Halafu sururu ndogo ikaleta tope, na nyuma ya tope yakaja maji, safi, baridi, yakibubujika kwa kelele. Tulipiga ukelele sote. Huko nje redio zote zikawashwa kwa pamoja, na jogoo akafunguliwa akawika kwa hasira.

Kiungo cha bomba kilikuwa kimefungwa kwa kipande cha mpira wa ndani wa baiskeli, kikakazwa kwa waya. Mpira ulikuwa umeoza. Papa Mukubwa aliupapasa, akaugeuza. Angeweza kulaumu mtu yeyote, kwani nani angejua? Badala yake alivua kofia.

"Hii iko kazi ya mukono yangu," alisema. "Nilisema nitarudia kesho yake. Nikasahau."

Nilimpenda sana siku ile, mzee yule. Jumamosi alikuja na kamioneti kama alivyoahidi, ila ilikuwa imebeba mawe na kiungo kipya cha chuma, na aliujengea ukuta wetu mguu imara ambao upo hadi leo. Doa lilikauka polepole hadi kiangazi. Mama aliendelea na maternite yake miaka kumi na saba zaidi.

Kisa hiki nimekisimulia tangu nikiwa shuleni, na siku zote nimekisimulia kwa namna moja: mama yangu alikuwa na sikio ambalo hakuna bomba lingeweza kulificha kitu. Mwaka jana, Jumapili moja mchana, tulikuwa tunachambua maharagwe, yeye na mimi, nikaanza kuwasimulia wanangu. Nilipofika pale aliposema "hapa", mama alicheka akiyatazama maharagwe yake.

"Nilisikia fasi mbili," alisema.

"Mbili?"

"Kwa mulango na kwa kitanda. Zote zilikuwa zinalia sawasawa. Nilirudia, nikarudia. Sikuweza kuzitenganisha."

"Lakini ulimwambia achimbe!"

"Ningesema nini? Sijui?" Alitupa jiwe dogo nje ya ungo. "Ningesema sijui, Papa Mukubwa angerudisha nyundo kwa mufuko, na siye kesho yake tungefunga vitu. Nilichagua moja."

Nilishikwa na hofu pale pale, hofu ya mambo yaliyokwisha miaka mingi. Nikamwona tena akijipangusa magoti. Nilipokuwa mtoto niliamini sauti yake haikutetemeka kwa sababu alijua. Nikawaza pia wanawake wote waliokishika kitanda cha maternite ile kwa mikono miwili wakaisikia sauti hiyohiyo ikiwaambia mtoto yuko salama, na ni mara ngapi yeye mwenyewe alikuwa na mashaka. Sikumwuliza. Nilimheshimu mama yangu maisha yangu yote, lakini nadhani Jumapili ile ndiyo nilianza kumjua. Sikio lake lilimfikisha mahali pawili tu. Kutoka pale hadi kwenye lile neno "hapa" alikwenda peke yake, huku mtaa mzima umenyamaza ukimsubiri.