Maneno Madogo ya Dunguni

Mjukuu wangu alipokuwa darasa la kwanza, nilikitangazia kijiji kizima kuwa anasoma kama maji. Nilisema hata mamba wa Rufiji hutoa vichwa kumsikiliza. Anafungua kitabu, anaimba ukurasa mzima, kichwa kinayumba kama yuko chuoni kwa maalimu akisoma Kurani.

Mwalimu wake wa shule akaniita. Akaziba picha kwa kiganja, akaweka kidole kwenye neno moja dogo. "Hili?" Mtoto akaanza kuimba ukurasa tangu mwanzo.

"Kakariri, bibi," mwalimu akaniambia taratibu. "Kahifadhi kama anavyohifadhi sura. Kabla ya kufunga shule nitampa ukurasa asioujua. Akishindwa, anarudia darasa."

Hapo utani uliniisha. Mama yake, mwanangu wa kumzaa, alirudishwa darasa hivyo hivyo, akaona haya, akaacha shule. Tumemzika hajui kusoma hata "na".

Mwalimu akatufundisha wote wawili, maana mie shule niliipita njiani tu nikienda kuchota maji. Akatupa vikadi vya maneno yanayorudi kila mstari: na, ya, wa, ni, kwa. Msiyaimbe, akasema. Tamkeni sauti ya kila herufi, kisha ziunganisheni.

Mpunga ulikuwa umezaa, tukahamia dunguni, kile kichanja kirefu cha shambani, kuamia ndege wasile mpunga. Huko juu nainua kadi, namtania mjukuu.

"Haya, mke mwenzangu, hii?"

"K... w... a. Kwa!"

"Piga kelele, ndege wamekaa!"

"Kwaaa!"

Wallahi wakaruka mpaka kijiji cha Mbwara, na nadhani wengine sasa wako darasa la tatu.

"Bibi, nawe soma."

"Mie meno yamekwisha, herufi zinapita mapengoni."

"Mwalimu kasema wote!"

Nikasoma.

Siku ya kupimwa ilipofika, mwalimu akatuketisha wote wawili, akafungua kitabu tusichokijua. Mtoto akaanza kuyumba kichwa kwa mazoea, kisha akautazama ukurasa, akatulia. "Ma... ji. Maji... ya... m-to." Wimbo hakuna. Kama mtu anayevuka matope, anang'oa mguu mmoja mmoja. Mstari wa mwisho akakwama. Lile neno nililiona, nalijua. Nikauma kanga nisimtajie.

"K... w... Kwa," akasema, akaenda mpaka nukta.

Mwalimu hakupiga makofi. Alisema tu, "Darasa la pili."

Nikafungua mdomo nimtanie. Mtoto alikuwa keshafungua ukurasa mwingine.