Mtafiti wa Bwera anayeaga kabla ya kuuliza

Saa tatu kasoro asubuhi, Jalia Kabugho anaaga. Amekunywa chai, ameulizwa habari za nyumbani, za barabara na za mvua, na sasa anasimama, anatundika mkoba begani na kushukuru. Amekuja kufanya utafiti wa afya. Hajauliza swali hata moja.

Mwenyeji wake, Mama Esperance, mfanyabiashara wa kutoka Butembo anayeuza mawese hapa Bwera, mpakani mwa Uganda na Kongo, anajifunga kitenge chake vizuri na kutoka naye. Ndiyo desturi, mgeni haachwi aondoke peke yake kama mwizi. Wanapita jikoni, wanapita migomba, wanashika njia ya kwenda lami. Hapo ndipo Jalia anapoitoa tableti mkobani, polepole, kama mtu anayetafuta leso.

“Na ile muguu, mama?” anauliza.

“Wacha tu, mutoto yangu. Inaniuma miezi tatu sasa. Usiku silali.”

Muda mfupi uliopita, akiwa ameketi kwenye kiti chake, mama huyuhuyu alisema yuko muzuri kabisa, yeye, watoto, na hata mbuzi.

Jalia ana miaka ishirini na minne. Yuko kwenye mafunzo ya kazi yenye posho katika shirika la hisani liitwalo Afya Mpakani, lenye makao yake Kampala. Kwa miezi sita anazunguka kati ya Kasese na Bwera akiwauliza watu hali za afya zao, kisha majibu yanapelekwa makao makuu, ambako wakubwa huyageuza kuwa mapendekezo ya sera. Posho yake ni shilingi laki tatu na nusu kwa mwezi, na karibu nusu yake, anasema, huishia kwenye nauli na soli za viatu.

Baba yake, Mzee Badiru, ambaye lori lake dogo hupeleka Bwera samaki wa Katunguru na kurudi na mawese, hakuielewa kazi hiyo hata kidogo. Miaka yote amelipa karo ili binti yake afundishwe. Leo wametokea watu wanamlipa binti ili wamfundishe. Alitaka kujua kama watu hao wana akili timamu, na kama wana ndugu wanaotafuta dereva.

Mwanzoni Jalia alifanya kazi kama alivyoelekezwa darasani Kampala. Ingia, salimia, keti, fungua tableti. Swali la kwanza kwenye tableti lilikuwa: hali yako ya afya ikoje?

Sasa msomaji, wewe mwenyewe jibu. Mgeni ameingia nyumbani kwako, chai iko mezani, anakuuliza hali yako. Utasema nini? Hata kama paa limeezuliwa jana na ng'ombe amefia mlangoni, utasema nzuri. Mengine huja baadaye. Mwandishi wa makala haya alifika kwa Jalia na shingo iliyokauka kwa mashimo ya barabarani, akaulizwa hali, akajibu nzuri, akamrudishia Jalia swali. Naye akajibu: “Nzuri tu.”

Basi kati ya nyumba sitini za kwanza, karibu zote zilikuwa nzuri. Tableti, ambayo haina adabu wala haijui desturi, ikawa inaruka maswali yote ya magonjwa, maana mtu mzima wa afya unamuulizia dawa za nini? Jalia akafurahi. Kazi ilikuwa nyepesi, na watu wake walikuwa na afya kuliko watu wa mji wowote nchini. Kampala nako walifurahi. Rasimu ya kwanza ya ripoti ikaandikwa upesi: gari la kliniki linalofika Bwera kila Ijumaa ya pili, siku ya soko, litolewe pale na kupelekwa kwingine, kwenye wagonjwa.

“Niliisoma hiyo rasimu nikajisikia mtu mkubwa,” anasema Jalia. “Jina langu lilikuwa pale chini. Nilimwonyesha mama.”

Furaha hiyo ilimtoka stendi ya Kasese, asubuhi moja alipokuwa anarudi Bwera. Jioni iliyotangulia alikaa na baba yake mpaka chakula kikaisha. Alimuuliza hali mara mbili, na mara zote mbili alikuwa mzuri. Asubuhi mzee akamsindikiza stendi, akambebea mfuko, akamfungia mlango wa teksi. Dereva alipowasha injini, mzee akainama dirishani.

“Jalia, sikiliza. Juzi kule Muhokya macho ilizima,” akasema. “Ilizima kidogo tu. Gari ikaenda majani.”

Kiswahili chake Mzee Badiru alikiokota kwenye vizuizi vya barabarani, kwa hiyo ni cha maneno machache na hakina mapambo. Jalia aliteremka na mfuko wake. Teksi ikaondoka bila yeye.

Ikajulikana kwamba mzee ana presha, kwamba vidonge vyake huvichukua kwenye gari la kliniki pale Bwera siku za soko, na kwamba Ijumaa iliyotangulia alichelewa kwa pancha, akalikosa. Mambo haya alikuwa nayo mwaka mzima. Hakumwambia mtu nyumbani, kwa sababu nyumbani alikuwa akiulizwa hali. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua. Huyu alifichuliwa na mlio wa injini, na familia yake ishukuru.

“Nililia pale stendi,” Jalia anasema. “Niliona hilo gari la dawa, niliona jina langu chini ya ile rasimu. Nilikuwa nimemnyang'anya baba yangu vidonge, tena kwa posho.”

Aliporudi Bwera alianza kuzikumbuka nyumba sitini, moja baada ya moja. Si pale kwenye viti watu walipomwambia ukweli. Ni njiani, wakimsindikiza, tableti ikiwa imezimwa na akili yake imeshafika nyumba inayofuata. Huyu kifua, yule mimba iliyotoka, mwingine mtoto asiyesikia. Alikuwa akiwapa pole, anapanda boda, anaondoka na nzuri zake mkobani. Wahenga hao hao walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Bwera mwenyeji haponi mpaka mgeni aondoke.

Basi Jalia akaanza upya, nyumba ya kwanza hadi ya sitini, na safari hii akawa anaaga mapema.

“Mtu akikaa kwenye kiti chake, yeye ni mwenye nyumba,” anaeleza. “Hawezi kukwambia shida mbele ya chai yake mwenyewe. Lakini njiani nyote ni wapita njia. Hata hamtazamani usoni, mnatazama mnapokanyaga.”

Njia hiyo ilifaa kupita kiasi. Wenyeji wa Bwera, walipoona mgeni anayesikiliza, walirefusha kusindikiza. Waliozoea kuishia kwenye mgomba wa mwisho wakafika lami. Waliokuwa wakiishia lami wakafika sokoni. Mama mmoja muuza vitenge alimsindikiza hadi wakavuka mpaka. “Alikuwa na magonjwa mengi,” Jalia anajitetea. “Daraja la Mpondwe lilitukuta bado tuko kwenye tumbo.”

Tatizo ni kwamba tableti hiyo huandika mahali kila jibu lilipotolewa, na Kampala mahali hapo huonekana kama nukta nyekundu kwenye ramani. Msimamizi wake, Bwana Semakula, mtu makini anayevaa viatu vinavyong'aa, alifungua ramani asubuhi moja akakuta nukta za Jalia zimezihama nyumba. Nyingine zilikuwa shambani kwenye mihogo, nyingine katikati ya kijito, nyingi pembeni mwa lami. Moja ilikuwa ndani ya Kongo.

Zaidi ya hayo, watu waliokuwa wazima mwezi uliopita sasa wote walikuwa wagonjwa. Semakula akapiga simu. Aliuliza, kwa upole wa mtu aliyekwisha kuamua, kama wagonjwa wake Jalia wanaishi barabarani. Kisha akasema anakuja mwenyewe, na kwamba akikuta majibu yametungwa juu ya boda, mafunzo yameishia hapo na rasimu ya kwanza itabaki kama ilivyo.

Alikuja Ijumaa, siku ya soko. Mzee Badiru, aliyekuwa akishusha samaki, alipoona mtu mwenye gari jeupe na tableti alisimama wima akamwita afande, na hadi leo hakuna aliyeweza kumtoa kwenye hilo. Jalia akampeleka mgeni wake kwa Mama Esperance.

Semakula aliketi. Aliuliza maswali yote kwa mpangilio, kwa Kiswahili cha mtu wa Kampala, ambacho ni Kiswahili kinachotembea kwa mkongojo. Mama Esperance alijibu kwamba yuko muzuri, watoto beko muzuri, mbuzi iko muzuri. Semakula akamtazama Jalia. Jalia akatazama sakafu, akasema labda waage.

Wakaaga. Mama Esperance akajifunga kitenge.

Kwenye jiko ulianza mguu. Kwenye migomba kikafuata kifua cha mtoto wa tatu, kinachopiga filimbi usiku. Walipofika kijitoni Semakula alikuwa anaandika huku anatembea, kiatu kimoja majini, na majirani wawili wameshajiunga na msafara na magonjwa yao. Mbele ya gari jeupe Mama Esperance alimshika mkono mgeni kumuaga. Akamuuliza, kwa adabu tu, naye hali yake ikoje.

“Nzuri,” akasema Semakula. Akaingia garini, akafunga mlango, akawasha gari. Halafu akashusha kioo.

“Ni tumbo,” akasema. “Inaniuma tangu mwaka jana. Hata mke yangu hajui.”

Hakuandikwa kwenye utafiti, kwa kuwa si mkazi wa Bwera. Lakini Mama Esperance alimkatalia kuondoka kabla ya gari la kliniki kufika, na Semakula akapanga foleni nyuma ya Mzee Badiru, aliyempisha mbele kwa sababu ya cheo. Wiki iliyofuata rasimu ya kwanza ilifutwa.

Hata hivyo kufuta rasimu si kuliokoa gari. Bodi ya shirika inakutana Kampala Alhamisi kuamua gari libaki au liondoke, na wajumbe walishaipenda ile habari ya kwanza, kwani ni nani asiyependa kusikia watu wamepona? Hayo Jalia anayaeleza kwa utulivu, tukiwa tumeketi, chai mbele yetu. Anasema kila kitu kinakwenda vizuri.

Mwandishi anaaga. Jalia anajifunga mtandio na kumsindikiza hadi kijiwe cha boda, akizungumzia bei ya mawese. Mwandishi anapanda. Pikipiki inawashwa.

“Kwa kweli siko nzuri,” anasema Jalia.

Tunamwomba mwenye boda azime. Anazima bila kuuliza. Ni mtu wa Bwera.

Mkataba wake unaisha Ijumaa, Jalia anasema, siku moja baada ya kikao, na hajui kama kuna mwingine. Hilo linaweza kusubiri. Kinachomnyima usingizi ni Alhamisi. Amepewa dakika kumi mbele ya bodi, na hajawahi kuzungumza na watu waliokaa wote kwenye viti vikubwa namna ile. Baba yake amebakiwa na vidonge vya wiki mbili.

Dakika kumi zitamtosha? Anafikiri, anachora kitu mavumbini kwa ncha ya kiatu.

“Nitawasalimia, nitawauliza hali. Watasema nzuri, wote. Basi nitaaga,” anasema. “Wakinisindikiza mpaka kwenye ngazi tu, gari halitoki Bwera.”